Mcheza Bugobogobo Anapogeuka Mwalimu

Usukumani, Bariadi ikiwemo, uwanja wa ngoma ni wa ushindani. Baada ya mavuno, wachezaji wa vyama viwili hasimu vya ngoma, Bagika na Bagalu, huingia uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Waamuzi ni watazamaji: upande wanakohamia wengi ndio ulioshinda. Ndiyo maana manju, kiongozi wa ngoma, hutafuta jambo ambalo mpinzani wake hajawahi kuliona. Kwenye bugobogobo, ngoma ya majembe, mcheza hulirusha jembe, likazunguka hewani na kudakwa kabla jicho halijaelewa.

Mcheza huyohuyo akipewa watoto awafundishe, umahiri huo unamponza. Watoto wanashangilia, lakini hawajui waanze na mguu gani.

Bugobogobo ilizaliwa shambani, watu walipolima pamoja kwa kufuata mapigo ya ngoma. Mwalimu naye arudi huko: miguu itanuke, magoti yalegee, mgongo uiname, jembe libaki chini. Aoneshe hatua moja bila ngoma, airudie kwa mapigo ya taratibu, kisha aache kucheza awatazame. Hapo ndipo wengi hushindwa, kwa kuwa mwili uliozoea kushangiliwa haupendi kutulia. Lakini anayecheza mwanzo hadi mwisho atamwonaje aliyekaza mabega?

Na asimame wapi? Akiwakabili wanafunzi, mkono wake wa kulia uko upande wao wa kushoto. Ama awape mgongo, ama atumie kushoto kwake huku akitamka "kulia". Penye majembe hili si dogo: anayegeukia upande usio wake anaweza kumjeruhi mwenziwe.

Tatizo hili la umahiri unaoshangaza bila kufundisha, walimu wa yoga nao wanalijua vizuri. Nairobi, shirika la Africa Yoga Project, lililoanzishwa 2007, limekuwa likiwaandaa vijana kufundisha yoga. Kitabu cha mwalimu wa yoga B.K.S. Iyengar, Light on Yoga, cha 1966, kina mamia ya picha za mwili wake ukiwa katika mikao iliyokamilika. Ni hazina kubwa. Hata hivyo, darasani mgeni anahitaji kuona pia namna ya kuingia kwenye mkao, mahali pa kuishia kama nyonga bado ni ngumu, na namna ya kutoka bila kuumia.

Kwa hiyo natamani matamasha ya Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega yawe na zawadi ya pili, mbali na ile ya kuvuta umati: apewe mwalimu ambaye watoto wake wote, hata yule wa safu ya nyuma kabisa, wanalishika jembe sawasawa.