Cherero na Koleo Lake

Sogeeni barazani, wanangu. Mtoto mmoja wa Kibokoni ameniuliza swali, nikasahau kahawa yangu ikapoa. "Ami, mbona cherero wetu amesimama mguu mmoja? Anaumwa?"

Ahsante, mwanangu! Hilo ni swali la mwenye macho. Wengi humtazama cherero rangi tu. Na kweli, kapendeza. Kichwa cheusi kama chungu kilichozoea kuni. Shingoni njano, mgongoni kijani, mdomo mwekundu, macho yamezungukwa na duara jeupe. Ni kasuku, lakini mdogo, sentimita 14 hivi. Kwao ni Tanzania, pande za Ziwa Manyara na kusini yake, na hutaga ndani ya matundu ya mibuyu.

Sasa tazama miguu. Kuku ana vidole vitatu mbele, kimoja nyuma. Cherero ana viwili mbele, viwili nyuma. Kama nini? Kama koleo la mama la kushikia makaa! Ndiyo maana hubana tawi hata akining'inia kichwa chini.

Akiuficha mguu mmoja manyoyani, akasinzia, hana neno. Anaupumzisha. Lakini akiinua mguu uleule kila saa, au akihama huu, akihama ule, muulize.

"Ami, ndege nitamuulizaje?"

Tazama nyayo zake. Wayo wa cherero yule ulikuwa mwekundu, laini, unang'aa. Nikamsikia akisema: "Kijiti changu kimoja tu. Kimenyooka, laini kama mwiko. Asubuhi nakanyaga hapo hapo. Jioni hapo hapo. Ungesimama wewe juu ya mchi siku nzima, ungekuwaje?"

Na chakula?

"Mtama. Mtama. Mtama."

Mtama peke yake haumpi vitamini A ya kutosha. Bila hiyo ngozi ya wayo huwa kama mkeka mkavu, huchanika upesi. Mpe mchicha, mpe karoti. Parachichi usimpe kabisa, kwake ni sumu. Na wayo ukishafanya kidonda, usikitumbue. Mpeleke kwa daktari wa mifugo.

"Na makinda, Ami?"

Kinda akilelewa mahali pa utelezi, miguu humwendea huku na huku, kama mtu aliyekanyaga mafuta ya nazi. Mwekeeni matandiko. Mifupa nayo inataka kalisi, na inataka jua. Kuta zetu nene za Mji wa Kale zinatupa kivuli kizuri, lakini cherero asikae kizani. Asubuhi mtoeni uani, nusu ya tundu juani, nusu kivulini. Kalisi? Bahari imetuletea! Ule mfupa mweupe wa dome mnaouokota ufukweni, uroweke maji baridi, ubadilishe maji mpaka chumvi itoke, uanike, umtundikie. Atautafuna mwenyewe.

Kisha, badala ya kile kijiti kimoja, tukakata matawi ya mpera: nene, jembamba, lililopinda. Cherero akapanda la kwanza, akaliacha. Akapanda lililopinda, akatulia, akaanza kulibandua gome.

"Ami, analiharibu!"

Mwache, mwanangu. Kesho tutakata jingine.