Vigae vya Kwale katika udongo wa Nyeri

Msomaji wangu wa Kwale, wa Mombasa, wa Lamu hata wa Tanga, huenda ukashangaa nikikwambia kuwa chungu cha kwenu kina jamaa zake chini ya Mlima Kenya. Si hadithi ya baraza, wala si shairi. Ni jambo lililochimbuliwa kwa sururu na brashi, likapimwa, likaandikwa.

Mwaka 1967, mtaalamu wa mambo ya kale, Bw. Robert Soper, alichapisha habari za vyungu alivyovichimbua katika vilima vya Kwale. Ni vyungu vya watu waliolima na kufua chuma, na umri wake ni kama karne ya 3 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, yaani zaidi ya miaka 300 kabla ya Hijra. Kwa ajili hiyo, ufinyanzi wa namna ile popote unapoonekana huitwa kwa jina la Kwale. Miaka minne baadaye, mwaka 1971, mtaalamu mwingine, Bw. Ari Siiriäinen kutoka Finland, akachapisha aliyoyaona Gatung'ang'a, huko Nyeri. Alikuta zana za mawe na vyungu vya watu wa zama za chuma, na vyungu hivyo vilikuwa na sura ya Kwale. Ila umri wake ni mdogo zaidi, baina ya karne ya 12 na ya 14.

Ukitaka kuupima umri huo kwa kipimo chetu sisi watu wa pwani, kumbuka kuwa Ibn Battuta alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Basi wakati sheikh yule akiuona uchaji Mungu wa watu wa Mombasa na misikiti yao ya mbao, kule bara, kwenye baridi ya mlima, kulikuwa na mama akiufinyanga udongo mwekundu kwa mtindo ambao asili yake tunaihusisha na Kwale.

Mimi sisemi kuwa Wadigo walipanda mlima. Baina ya Kwale ile na Gatung'ang'a pana karne tisa, na kufanana kwa vyungu si cheti cha ndoa. Lakini wale wasemao kuwa pwani na bara hawakujuana mpaka ilipokuja reli, nawaomba wavitazame vigae kabla ya kusema.

Wakikuyu wenyewe wana habari za waliowatangulia katika nchi ile. Wanawataja Wagumba, watu wafupi waliokaa katika mashimo, wakatoweka. Profesa Godfrey Muriuki alizipanga habari hizo katika kitabu chake cha historia ya Wakikuyu cha mwaka 1974. Kuna mashimo ya mviringo yanayonasibishwa na Wagumba, na wataalamu mpaka leo hawajakubaliana yalikuwa ya nini hasa. Ugomvi wa wataalamu haunisumbui, wacha wagombane. Kinachonisumbua ni kuwa shimo la namna hiyo hujazwa kwa lori mbili za kifusi, na ubishi wao ukabaki hauna shahidi.

Maana nchi ile inajengwa, bwana wee! Nyeri iliyoanzishwa kama boma mwaka 1902, baada ya Meinertzhagen kuwapiga watu wa Tetu, leo ni mji unaotambaa juu ya migongo ya vilima. Karatina vivyo hivyo, Nanyuki vivyo hivyo. Barabara pana ya kutoka Kenol kupitia Sagana hadi Marua, kilomita 84, iliyoanza kujengwa mwaka 2020, imekata vilima kama mtu akataye mkate wa sinia. Pembeni mwa barabara viwanja hupanda bei, na kiwanja kikipanda bei mwenyewe hangoji mtu wa makumbusho aje na brashi yake.

Na udongo wenyewe si rafiki. Ule mwekundu una uchachu, huila mifupa ikaisha. Chungu hubaki, na jiwe hubaki. Kwa hiyo kigae ambacho mjenzi hukiona takataka, mara nyingi ndicho hati pekee iliyosalia.

Huko Murang'a kuna kisa cha namna nyingine. Mukurwe wa Nyagathanga ni mahali ambapo Wakikuyu husema Mungu aliwaweka Gikuyu na Mumbi, wazazi wa kabila. Katika miaka ya 1980 ilianzwa kujengwa hoteli hapo hapo, ya watalii. Ikakwama. Kuta zikasimama miaka na miaka bila mgeni. Sisi Waislamu tuna itikadi yetu juu ya asili ya binadamu, lakini adabu ya kuheshimu mahali pa watu tunaijua, na tunajua uchungu wake pia. Ni makaburi mangapi ya masharifu na ya mababu zetu hapa pwani yaliyoamka asubuhi yakakuta ukuta wa hoteli?

Mombasa tuna mfano tuusemao mara chache. Katika miaka ya 1970 Bw. Hamo Sassoon alichimba katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Pwani, akakuta mabaki ya Mombasa ya kale, tabaka juu ya tabaka, ya chini kabisa yakikaribia mwaka 1000. Mji wa Mwana Mkisi na Shehe Mvita, tunaowaimba, umelala pale ambapo wagonjwa hupanga foleni. Hospitali ilihitajika, hakuna abishaye. Lakini kwa sababu mtu alichimba na kuandika, tunaujua mji ule kwa zaidi ya masimulizi. Nyeri nako sitaki hospitali zisijengwe. Nataka aandike mtu.

Sheria ipo. Ile ya Makumbusho na Urithi ya mwaka 2006 yasema anayegundua kitu cha kale atoe taarifa kwa Makumbusho ya Taifa katika muda wa siku 7. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 nayo inaitaka miradi mikubwa ichunguzwe kabla ya kuanza. Lakini nyumba ya mtu ya vyumba vinne si mradi mkubwa, na nyumba hizo ndizo nyingi.

Nilimwuliza fundi mmoja wa Nyeri, akichimba msingi, hufanya nini akikuta vigae.

"Mzee, tunatia kwenye karai, tunamwaga."

"Na sheria ya siku saba, kijana wangu, umeisikia?"

Hakuwa ameisikia. Nikamweleza. Akasimika sururu, akanitazama kwa heshima, akasema: "Mzee wangu, nikiripoti, kazi itasimama. Mimi nalipwa kwa siku. Siku hizo nitalipwa na nani?"

Wala hakuuliza kwa kejeli. Swali hilo nimelichukua mpaka pwani, na nalipeleka kwa wakuu wa kaunti za mlimani na za kwetu: wekeni katika bajeti fungu dogo la kumlipa kibarua aliyesimamisha sururu, na mwenye kiwanja aliyengoja. Fundi yule alikuwa na futi tatu zaidi za kuchimba, na lori la mawe lilikuwa limekwisha kufika.