Matumbo Yenye Uvimbe (2): Chuma Kinapozuiwa Mlangoni

Juma lililopita tuliona namna ugonjwa wa Crohn na ule wa vidonda vya utumbo mpana yanavyochubua ukuta wa matumbo. Leo tuje kwenye madini, na tuanze na chuma, maana ndicho kinachowasumbua wengi.

Wagonjwa hawa hupungukiwa damu kwa njia mbili. Ya kwanza haina fumbo: vidonda huvuja damu kidogo kidogo, na chuma huondoka nayo. Ya pili huwachanganya watu. Chuma hufyonzwa zaidi mwanzoni mwa utumbo mwembamba, ilhali Crohn hupenda kushika mwisho wake. Mbona basi vidonge havisaidii? Uvimbe hulifanya ini litoe homoni iitwayo hepsidini, nayo huiharibu protini inayokitoa chuma kwenye seli za utumbo na kukiingiza damuni. Chuma hubaki humo, na seli zikipukutika baada ya siku chache, kinaishia chooni. Ini lina sababu: vijidudu vingi huhitaji chuma ili vizaliane, hivyo kukificha ni kinga. Lakini pasipo na kijidudu cha kunyimwa, anayenyimwa ni mgonjwa mwenyewe.

Hata kipimo cha feritini, kinachoonyesha akiba ya chuma, hudanganya hapo, kwa kuwa uvimbe huipandisha. Kwa asiye na uvimbe, upungufu hutambuliwa feritini ikiwa chini ya mikrogramu 30 kwa lita. Kwa mwenye uvimbe, hata ikikaribia 100 upungufu unaweza kuwapo. Ndiyo maana ugonjwa ukiwa mkali madaktari hupendelea chuma cha dripu. Kumrundikia mgonjwa vidonge wakati huo ni kumuumiza tumbo tu.

Zinki na magnesi, zenyewe, hupotea zaidi kwa kuharisha.

Kalsiamu ina kisa chake. Mwisho wa utumbo mwembamba ukiugua sana au ukikatwa, mafuta hayafyonzwi vizuri, nayo hung'ang'ania kalsiamu. Kalsiamu hiyo ndiyo ingeshika oksaleti ya chakula ili itoke chooni. Ikikosekana, oksaleti hupenya kwenye utumbo mpana, ikafika figoni na kujenga mawe. Na mchicha wetu, tunaousifia kwa kuongeza damu, una oksaleti nyingi! Aliyekatwa utumbo asiuache kwa kunisoma mimi. Amuulize daktari wake, na akiruhusiwa kuula, aandamanishe na dagaa au maziwa yaliyoondolewa mafuta katika mlo huohuo.