Acheni Kumvuta Simba

Jumamosi iliyopita kijana wa Kidato cha Tatu aliweka kompyuta yake juu ya meza yangu hapa Kalimoni, akaifungua kwa fahari na kusema, "Mwalimu, hebu mwone babu yake simba." Kwenye kioo alisimama simba dume, manyoya ya shingoni na yote, ila alikuwa amevutwa hadi mgongo ukapita vilele vya miti. Akanguruma kwa sauti ile ile ya filamu za wanyamapori. Juu ya kichwa chake paliandikwa Simbakubwa. Kisha likaja swali ambalo mwaka huu nimeulizwa hadi nimechoka kulihesabu: "Nimvute mara ngapi ndipo awe sawasawa?"

Usimvute hata kidogo. Simbakubwa si simba.

Mimi huunda wanyama wa kale kwenye kompyuta, na vijana wa Juja, Thika na Ruiru huniletea modi zao, yaani nyongeza wanazojitungia, za gemu ya ARK nizikague kabla hawajazipandisha mtandaoni. Wanaijua kazi. Programu wanazo, subira wanayo, na wengine wana mkono mwepesi kuliko wangu. Lakini nikimtaja mnyama huyu mmoja, wote wanakimbilia simba, kana kwamba wamekula kiapo.

Najua kosa lilikoanzia: jina. Mwaka 2019 Matthew Borths na Nancy Stevens walipomtangaza mnyama huyu katika jarida la Journal of Vertebrate Paleontology, walimpa jina la Kiswahili, Simbakubwa kutokaafrika. Nia yao ilikuwa njema. Lakini mwalimu yeyote wa Kiswahili angesita hapo hapo: simba ni kiumbe hai, kwa hiyo huwa mkubwa. "Simba kubwa" ikitokea kwenye insha, kalamu nyekundu inashuka. Ningependa vijana wangu walichukue kosa hilo kama onyo. Hata sarufi imemkatalia usimba.

Simbakubwa ni wa kundi la hayenodonti. Jina la kundi nalo linamaanisha "meno ya fisi", na fisi pia si ndugu zake. Mnyama wa watu amebandikwa majina mawili ya jirani zake, na hakuna hata moja lililo lake. Simba, chui, fisi, nguchiro, mbwa na hata sili wa baharini wote wamo katika oda moja ya wala nyama. Simbakubwa yuko nje ya oda hiyo. Maana yake ni kwamba simba wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi ana undugu wa karibu zaidi na mbwa anayelinda boma lenu kuliko na Simbakubwa. Ukoo wa hayenodonti ulikwisha wote bila kuacha mzao. Hakuna mnyama aliye hai leo mwenye haki ya kumwita babu.

Asiyeniamini na amtazame paka wake akipiga miayo. Nyuma ya meno marefu ya mbele, kila upande, kuna jino moja la juu na moja la chini yanayopishana kama mkasi. Huo ndio mkasi wake wa nyama, na kila upande una mmoja tu. Simba ana huo huo, ila mkubwa. Sasa fungua taya la Simbakubwa: kila upande mikasi ni mitatu, mmoja nyuma ya mwingine. Huwezi kupata mikasi mitatu kwa kuukuza mmoja, hata ukimvuta paka hadi afike Mlima Kenya.

Tena taya hilo si la kubuni. Lilichimbwa Meswa Bridge, magharibi mwa Kenya, kati ya 1978 na 1980, na watu waliokuwa wakitafuta sokwe wa kale. Likalazwa kwenye droo ya makumbusho jijini Nairobi kwa miaka mingi, mpaka Borths alipoifungua droo na kukutana na safu ya meno makubwa ajabu. Sehemu kubwa ya taya, vipande vya fuvu na mifupa michache ya mwili wa mnyama aliyeishi takriban miaka milioni 22 iliyopita: hiyo ndiyo mali yote tuliyo nayo. Manyoya ya shingoni hayamo kwenye orodha. Ngurumo haimo.

Tuje kwenye dawa yenyewe ya kuvuta. Simba dume ana kama kilo 190. Ukimkuza kwenye programu ya Blender mara mbili kwa urefu, upana na kimo, uzito unapanda mara nane: kilo 1,520. Hapa ndipo wapenzi wa dawa hii hupiga makofi, kwa sababu makadirio ya juu kabisa ya Simbakubwa hufika kilo 1,500. "Si umeona, Mwalimu? Mara mbili inatosha!" Sijaona. Takwimu hiyo ilikisiwa kwa vipimo vya meno, na fomula nyingine, kwa meno hayo hayo, huleta chini ya kilo 300. Tena, uzito kulingana si undugu. Magunia mawili ya mahindi ya kilo 90 yana karibu uzito wa simba, na sijasikia mkulima akiyakimbia.

Kijana wangu yeye alikuwa amevuta mara tano. Tano mara tano mara tano ni 125. Mnyama wake ana karibu tani 24, sawa na ndovu dume wanne wakubwa, lakini eneo la mkato wa mifupa ya miguu, ukiikata kama mua, limeongezeka mara 25 tu. Angesimama kweli, miguu ingevunjika kama mabua.

Sababu ya ndani ya kosa hili ni uvivu wa fundi, na nautaja kwa sababu nami niliwahi kuwa nao. Modi nyingi hazijengi mnyama kuanzia sifuri. Unachukua aliyemo tayari kwenye gemu, pamoja na kiunzi chake na miondoko yake, kisha unamvisha umbo na ngozi mpya. Ninyi mnachukua paka aitwaye Sabertooth. Ndiyo maana Simbakubwa wenu wote hutembea kipaka, huruka kipaka, na wana uso mfupi wa paka. Hayenodonti alikuwa na pua ndefu na kichwa kikubwa kupita kiasi kwa mwili wake. Kichwa hicho ukikining'iniza kwenye shingo ya paka, shingo inajikunja kama mpira wa maji.

Cha kufanya ni hiki, na nitasema haraka. ARK ina Hyaenodon tayari. Anza na kiunzi chake, ukuze mwili kwa kiasi, kichwa zaidi. Rangi na manyoya buni upendavyo, lakini andika kwenye maelezo kwamba umebuni. Usiibe umbo kutoka gemu nyingine. Modi itaondolewa, nawe pamoja nayo. Hifadhi nakala ya gemu kabla ya kujaribu. ARK: Survival Ascended ya 2023 hupokea modi kupitia CurseForge, na hata wenye PlayStation 5 hufaidi. Programu ya kuundia modi ni bure lakini ni nzito ajabu; usiishushe kwa bando la simu. Faili uliyotumiwa kwa WhatsApp ikijiita modi, ifute.

Na kwa kuwa Simbakubwa si dinosaria pia, anayetaka dinosaria hasa asisubiri mifupa kutoka machimbo ya mawe ya Ndarugu. Mawe yale ni majivu ya volkano, machanga mno. Avuke mpaka aingie Tanzania. Kentrosaurus wa Tendaguru, Lindi, yumo tayari kwenye gemu. Shingopana, aliyetangazwa 2017, ana shingo inayostahili jina lake. Na Mnyamawamtuka moyowamkia, aliyetangazwa mwaka ule ule wa Simbakubwa, 2019, ana mifupa ya mkia yenye umbo la moyo, na jina ambalo hakuna kalamu nyekundu itakayoligusa.

Mlango wangu bado uko wazi kila Jumamosi. Ila ukiniletea Simbakubwa, mlete akiwa amefungua mdomo. Nikihesabu mkasi mmoja, funga kompyuta urudi nyumbani ukaanze upya.