Sarajevo: Mji Unaomfunza Mgeni Maana ya Wakfu

Ndugu Waislamu, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuhimiza tutembee katika ardhi ili tuzingatie. Basi safari ya matembezi isiishie kwenye picha na zawadi. Mfano mwema ni Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina.

Katika soko kongwe la Baščaršija, mgeni husikia nyundo za wafua shaba, kisha hukuta msikiti wa Gazi Husrev-beg, gavana wa dola ya Uthmaniya, uliojengwa karibu mwaka 1530. Gavana huyo hakuishia kwenye msikiti. Aliweka wakfu maduka pamoja na soko lenye paa, Bezistan. Morića Han, nyumba ya kulaza misafara ambamo leo watalii hunywa kahawa, nayo ilikuwa mali ya wakfu huo. Kodi zikaendesha madrasa na maktaba zilizoanzishwa mwaka 1537.

Mji ulizingirwa kuanzia 1992 hadi 1996. Maktaba ya Taifa iliteketezwa Agosti 1992. Lakini hati za maktaba ya Gazi Husrev-beg zilihamishwa na watunzaji wake kutoka maficho hadi maficho, zikasalimika. Leo zimo katika jengo lililofunguliwa mwaka 2014, lenye makumbusho ndani yake.

Nasi huku pwani tumeachiwa nyumba na mashamba ya wakfu. Je, kodi zake zinamfikia mwanafunzi wa madrasa? Mwenye kuweka wakfu hufa. Amana hubaki shingoni mwa walio hai.

Wabillahi tawfiq.