Kitafunwa cha Kabla ya Glasi ya Kwanza

Huko California, Marekani, daktari aitwaye Joseph Fisher alibuni kitafunwa cha kuliwa kabla ya kuanza kunywa. Kinaitwa SOBAR, kina kalori 210 hivi, na ahadi yake ni kwamba ukikila mapema, pombe itaingia kwenye damu polepole na isipande sana. Mnywaji wa Dar es Salaam anayeagiza mishikaki na ndizi kabla chupa haijafunguliwa, au mwenzake wa Nairobi anayengoja nyama choma, huenda akashangaa kwamba jambo hilo limehitaji daktari. Hata hivyo ahadi hiyo ina msingi. Kinachobishaniwa ni kama kazi hiyo inafanywa na kitafunwa chenyewe au na chakula chochote kilichoko tumboni.

Pombe haiingii mwilini hasa kupitia tumbo. Takriban asilimia 20 tu hufyonzwa hapo. Iliyobaki hufyonzwa kwenye utumbo mdogo, ambao una eneo kubwa zaidi na hupitisha pombe damuni kwa kasi. Kati ya tumbo na utumbo huo kuna msuli wa mviringo unaofanya kazi kama mizani ya barabara kuu: malori hayapiti yote kwa mkupuo. Tumbo likiwa tupu, kinywaji hupita upesi. Likiwa na chakula, msuli hubana ili usagaji ufanyike kwanza, na pombe huteremka kidogo kidogo. Wakati huo ini linakuwa kazini, nalo kwa mtu wa kawaida hupunguza takriban miligramu 15 za pombe kwa saa katika kila mililita 100 za damu. Hakuna kahawa wala maji baridi yanayoliharakisha.

Ushahidi ulio wazi zaidi ulitoka Sweden. Mwaka 1994, A. W. Jones na K. Å. Jönsson walichapisha jaribio la wanaume kumi wenye afya. Kila mmoja alikunywa gramu 0.8 za pombe kwa kila kilo ya uzito wake, mara moja akiwa hajala tangu usiku, mara nyingine baada ya kifungua kinywa. Kwa mtu wa kilo 70 hicho ni kiasi cha karibu bia tatu za nusu lita. Wakiwa na njaa walifika wastani wa miligramu 104 kwa mililita 100 za damu. Wakiwa wamekula waliishia 67, walijihisi hawajalewa sana, na miili yao ilimaliza kuondoa pombe yote mapema kwa saa mbili hivi.

Miaka mitatu baadaye, Jones na wenzake walilinganisha mlo wa mafuta mengi, wa protini nyingi na wa wanga mwingi. Yote mitatu ilipunguza pombe kwenye damu, na tofauti kati yake haikuwa ya maana. Kwa maneno mengine, chapati na maharage yana sifa ileile. Kinachouzwa na SOBAR, kwa haki yake, ni wepesi: kiingie mfukoni, kiwe na kalori chache kuliko sahani kamili, kifae kwa anayetoka ofisini moja kwa moja.

Lakini hesabu hiyo ya kalori ina mtego. Watafiti wa Adelaide, Australia, walionyesha mwaka 2006 kwamba vodka iliyochanganywa na kinywaji kisicho na sukari ilichukua dakika 21 kwa nusu yake kutoka tumboni. Iliyochanganywa na chenye sukari ilichukua dakika 36. Sukari nayo ni chakula kwa macho ya tumbo. Anayekula kitafunwa chepesi kisha akaagiza soda ya dayati ili asinenepe anabomoa kwa mkono wa kushoto alichojenga kwa wa kulia.

Soko hili lina majirani wasioaminika sana, yaani vidonge na vinywaji vinavyodai kuzuia mning'inio (hangover) wa asubuhi baada ya kulewa. Julai 2020, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliziandikia barua za onyo kampuni saba zilizouza bidhaa za aina hiyo. Mahakama moja ya Frankfurt ilikuwa imeamua mwaka 2019 kwamba mning'inio ni ugonjwa, hivyo chakula hakiruhusiwi kutangazwa kuwa kinga au tiba yake. Korea Kusini, ambako vinywaji hivi ni biashara kubwa, tangu Januari 2025 inawataka watengenezaji wanaotoa dai hilo wawe na ushahidi wa majaribio kwa binadamu.

Hatari kubwa zaidi haimo kwenye pakiti. Mtu aliyekula hujiona yuko sawa, na anayejiona yuko sawa huagiza nyingine. Kikomo cha dereva Kenya na Tanzania ni miligramu 80 kwa mililita 100 za damu, na wale wanaume wa Sweden walioshiba walikuwa 67. Bia nyingine moja ya nusu lita yenye pombe ya asilimia 5 ina gramu 20 hivi, ambazo kwa mwanamume wa kilo 70 zinaweza kuongeza hadi miligramu 40. Chakula kitachelewesha ongezeko hilo na kulipunguza kiasi, lakini dereva anayepuliza kifaa cha polisi hana namna ya kujua limepunguzwa kwa kiasi gani. Zikiingia zote 40, ini lake litahitaji zaidi ya saa mbili na nusu kuziondoa.