Mzazi, shahada ya sheria haijamfanya mwanao wakili
Malipo ya mnada wa korosho wa RUNALI yanapowafikia wakulima wa Ruangwa na Nachingwea, ada ya mtoto aliyeko chuo kikuu ndiyo hutangulia. Tunawapongeza wazazi hao. Hofu yetu ni kuwa hesabu ya nyumbani huishia siku ya mahafali.

Anayetaka kuwa wakili hana budi kupitia Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo Tanzania, jijini Dar es Salaam, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007. Mitihani yake ni migumu. Matokeo yaliyozua mjadala nchini Oktoba 2022 yalionesha kuwa kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja ni 26. 342 walitakiwa kurudia mitihani, na 265 waliondolewa. Na wote hao walikuwa na shahada mkononi!

Basi maandalizi yaanze mapema. Sheria vyuoni husomeshwa kwa Kiingereza. Kijana aliyekikwepa tangu kidato cha kwanza atakikuta huko. Likizoni aende mahakama ya wilaya akasikilize mashauri, kwani hakuna kiingilio. Hukumu za Mahakama ya Rufani zinapatikana bure katika tovuti ya TanzLII: asome moja kila juma, aandike kwa maneno yake hoja iliyoamua shauri. Asiiache faraidhi, maana mirathi ya Kiislamu husikilizwa Mahakama ya Mwanzo, nasi twawahitaji mawakili waijuao.

Fungu la mwaka huo wa Dar es Salaam litengwe tangu sasa. Kodi ya chumba haingoji mnada.